Mbwembwe za Mkwe

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, mimi hufyeka. Wenzangu wana mpira, wana bao, wana vijiwe vya kahawa. Mimi nina fyekeo. Uwanja wa nyumba yetu hapa Mbagala si mkubwa, lakini kwa miaka 14 hakuna jani lililovuka kifundo cha mguu wangu likasalimika. Jirani akipita husema, "Baba Tatu, hapo unaweza kuanika mpunga." Nami hujifanya sijasikia ili arudie. Kisha naoga, nakaa kibarazani, naingiza mkono mfukoni na kutoa pesa ya mboga. Mkumbuke huyu bwana na fyekeo lake. Tutarudi kwake, na hatutamkuta katika hali nzuri.

Pesa ya mboga ndiyo iliyoanzisha yote. Wewe mwenye familia huna haja ya kuelezwa. Fungu la mchicha ni shilingi 500, lakini fungu la mchicha halijawahi kusafiri peke yake. Linataka nazi, nazi inataka nyanya, nyanya zinamkumbuka kitunguu, na likishaingia sufuriani linanywea hadi unatamani kwenda kituoni kutoa taarifa ya wizi. Siku moja nikapiga hesabu ya mwezi mzima nyuma ya bahasha. Nikaona bora nisingepiga.

Basi nikatoa tamko. Nilikosea mara mbili: nililitoa mbele ya watoto, tena nikiwa nimesimama. "Desemba hii tukienda Muheza kwa mama yako," nikamwambia mke wangu, "sinunui mboga hata tawi. Vuli imenyesha, pori limejaa. Tutakula bure. Mimi Mnyamwezi bwana, mboga za porini tumezaliwa nazo."

Mke wangu, ambaye kwa usalama wangu nitamwita Mkaguzi Mkuu, maana chenji ya shilingi 50 ataikumbuka hadi Idi, hakusema kitu. Alinitazama, akaendelea kukunja nguo. Wenzangu mlio ndani ya ndoa mnaujua uzito wa nguo zinazokunjwa kimya kimya.

Hapa niseme ukweli. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora kwa babu, na wa Temeke kwa mengine yote. Tabora nimefika mara tatu, na mara mbili kati ya hizo nilikwenda msibani. Lakini namkumbuka bibi yangu akianika mgagani na mlenda juani baada ya mvua, mlenda ukikauka anautwanga unga, anauhifadhi kwa ajili ya miezi ya kiangazi ambayo hakuna jani bichi. Nilikula unga ule. Nikajihesabu kuwa mtaalamu. Ni sawa na mtu aliyewahi kupanda ndege kuomba kazi ya urubani.

Tukapanda basi stendi ya Mbezi alfajiri, familia kamili. Kuna Tatu, miaka 13, ambaye namwita Profesa wa Kiganjani kwa sababu kila usemalo analitafuta kwenye simu kabla hujamaliza kulisema. Na kuna Shabani, miaka 6, ambaye ni mume wa mama mkwe wangu. Usishtuke. Ni utani wa bibi na mjukuu: siku mtoto alipopelekwa kuonyeshwa, Bibi alimpakata, akamtazama, akasema huyu ndiye bwana wake aliyekuwa akimsubiri. Tangu hapo anamwita "mume wangu", na Shabani ameipokea ndoa hiyo kwa uzito wote. Kwa hesabu ya ukoo, basi, mtoto wangu wa kumzaa ni baba mkwe wangu. Siku nyingine ananikumbusha.

Tulipita Chalinze, tukapita Segera, tukaingia Muheza mchana, joto la kaskazi limeshaanza kutua mabegani na machungwa yamepangwa kando ya barabara kama kawaida yake. Nyumba ya mama mkwe iko pembeni mwa barabara ya kupanda Amani, kule Wajerumani walikoanzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902, wakaleta miche kutoka pande zote za dunia na kuiandika majina kwa Kilatini. Mama mkwe wangu ni Mbondei, na moyoni mwangu namwita Bibi Bonde. Mdomoni namwita Mama, tena kwa sauti ya chini. Hana Kilatini, lakini ukimfumba macho ukampa jani alisugue kwa vidole na kulinusa, atakwambia jina lake, shamba lilikotoka, na kama mwenye shamba ana deni dukani.

Asubuhi ya pili nikajitokeza uani na salfeti tupu begani.

"Unakwenda wapi mwanangu?" Bibi Bonde akauliza.

"Kuchuma mboga, Mama. Za porini."

Akamtazama binti yake. Binti yake akautazama mnazi.

"Haya," akasema mama mkwe. "Hasani atakusindikiza."

Hasani ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu mwema kuliko wote niliowahi kupotea nao. Jina nililompa ni Shemeji Hapo-Tu. Ukimwuliza kisima kiko wapi, anakuonyesha kwa kidevu: hapo tu. Tanga mjini? Hapo tu. Nadhani ukimwuliza Maka atainua kidevu hichohicho kuelekea kaskazini. Nikamwambia nataka pori lenyewe, pori hasa. Akafikiri, akainua kidevu.

Tukatembea saa nzima na ushei, mimi, yeye, na baba mkwe wangu wa miaka 6 aliyekataa kubaki. Tulikata katikati ya mashamba ya mahindi na mihogo, tukapita jaa la nyumba fulani, tukazunguka zizi, na kote huko nilikuwa napangua majani kwa miguu kama mtu anayevuka mto. Mengine yalinishika suruali. Sikuyatazama. Macho yangu yalikuwa kwenye kijani kizito kule mbele, kwa sababu kichwani mwangu mboga ya porini inakaa porini, kama jina linavyosema. Majina ya yale niliyokuwa nayakanyaga nilikuja kuyajua jioni, moja baada ya jingine, kwa aibu.

Tulipofika nikafanya kazi. Kila chenye jani laini niling'oa, mizizi na udongo wake. Mara nikauona mgagani! Majani matano kama vidole vya mkono, harufu ileile kali ya utoto wangu. Nikapiga kelele za furaha. Shemeji akasema huo umeshachanua, umekomaa, utakuwa mchungu. Nikamwambia Mnyamwezi hatishwi na uchungu. Nikajaza.

Hapo ndipo nilipoona jani jingine zuri juu kidogo, likiwa limejisokota kwenye mti. Nikanyoosha mkono na kuvuta.

Upupu, kwa wewe uliyezaliwa ghorofani, ni mmea unaopanda juu ya mingine, wenye maganda kama ya maharage yaliyovaa koti la manyoya ya rangi ya dhahabu. Kwa kuyatazama, yanapendeza. Manyoya yale ni sindano ndogo mno, zinaingia kwenye ngozi na kuacha humo kitu kinachowasha kuliko maneno ya wifi. Ganda likikauka halihitaji hata kuguswa. Tikisa mti tu, zitakushukia zenyewe. Mimi nilikuwa nimevuta shina lenye maganda makavu ya msimu uliopita, nikiwa chini yake, nimetazama juu, kola wazi.

"Usijikune," akasema Shemeji.

Ndugu yangu, umewahi kuambiwa usipumue? Nilijikuna shingo, zikahamia mkononi. Nikajikuna mkono, zikaenda kifuani. Shabani akasogea mbali, akakaa juu ya jiwe na kunitazama kama mtu aliyelipa kiingilio.

Njia ya kurudi ilikuwa hapo tu, yaani haikuisha. Karibu na kijiji tukakutana na mgambo. Jitazamie wewe mwenyewe anachokiona: mwanamume mgeni, macho mekundu, anajikuna mwili mzima na kucheka peke yake kwa maumivu, begani ana salfeti, na mdomoni mwa salfeti yanachungulia majani yenye vidole vitano. Mgagani na bangi, kwa mtu mwenye haraka ya kazi, ni ndugu wa karibu.

"Hiyo nini?" akauliza.

"Mboga," nikasema.

"Wote husema hivyo."

Tukamwaga salfeti barabarani. Shemeji akaapa, mimi nikajikuna. Aliyetuokoa ni Shabani, aliyesimama mbele ya yule bwana mikono kiunoni na kumwambia kwamba huyu ni mkwe wake na hajui mboga. Mgambo akanusa jani, akapiga chafya, akaturuhusu kwenda. Nadhani lile la kutojua mboga ndilo lililomridhisha.

Sasa fika nami nyumbani uone tatizo lenyewe. Mtu mwenye upupu hataki kitu duniani ila kuvua shati. Na uani, pale pale kwenye njia ya kuelekea bafuni, amekaa mama mkwe wako kwenye kigoda, ungo mapajani. Kumvulia mkwe shati? Afadhali uwashwe hadi kiama. Nikasimama mlangoni nikitetemeka, nikatoa shikamoo. Akaitikia, akanitazama mara moja, akavuta khanga usoni na kunigeuzia mgongo. Kisha akamwita mjumbe.

"Mume wangu, mwambie mkwe wako akavue shati kule nyuma ya choo. Majivu yako jikoni. Ajipake makavu, ajisugue, asijikune. Maji baadaye."

"Mkwe," akasema mwanangu wa kumzaa, akiwa hatua mbili kutoka kwangu, "nenda nyuma ya choo."

Nikaenda. Nikajipaka majivu hadi nikafanana na mhogo uliochomwa. Mkaguzi Mkuu akaniletea khanga yake nijifunge wakati shati langu likichemshwa. Ilikuwa imeandikwa ULIYATAKA MWENYEWE. Aliniapia kwamba ndiyo iliyokuwa karibu.

Nilipotoka, salfeti langu lilikuwa limemwagwa mbele ya Bibi Bonde, na kando yake kulikuwa na ungo wa pili, umejaa majani mabichi yaliyopangika kama nywele zilizochanwa. "Hizo za nani?" nikauliza. Profesa akanijibu bila kuinua macho: Bibi na Mama walichuma muda huohuo mimi nilipoondoka. Wapi? Pembeni mwa jiko. Nyuma ya banda la mbuzi. Kwenye mahindi. Walitumia nusu saa, nayo ni pamoja na kusimama kumsema jirani.

Bibi akaanza kuchambua mzigo wangu. Wewe uliyewahi kusomewa matokeo ya mtihani mbele ya darasa unaijua hali hii. Akachukua jani, akaligeuza, akalitupa kulia. "Hili la mbuzi." Jingine. "Hili hata mbuzi hataki." Akashika mgagani wangu, fahari ya Tabora, akauvunja bua. Haukuvunjika, ulipinda kama waya. "Huu ulikuwa mboga mwezi uliopita," akasema. Na kwa nini nimeng'oa na mizizi? Mboga huchumwa machipukizi, yale ya juu yanayokatika kwa ukucha, ili mmea utoe mengine na kesho uje tena. Ukiung'oa, umekula mara moja tu.

Kisha mkono wake ukasimama. Akatoa shina moja lenye jani pana, pembe pembe, akalinusa, akakunja uso. Nikajua hili si la mbuzi.

"Hasani! Ulikuwa unatazama wapi?"

Lilikuwa mnanaha. Nililing'oa nikidhani ni mnavu uliostawi. Bibi akauchukua mnavu kwenye ungo wake akaviweka sambamba: ua la mnavu ni dogo, jeupe, na kitovu cha manjano, na tunda lake ni kama shanga. Mnanaha ua lake ni refu kama tarumbeta na tunda lake lina miba. Majani machache ya mnanaha yakichanganyika na mchicha yanatosha kukausha midomo ya familia nzima, kupanua mboni za macho, na kuwafanya wazungumze na watu wasiokuwepo. Ukizidi, unaua. Hakupaza sauti. Aliinuka mwenyewe akalitumbukiza chooni, akarudi, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, na akautupa mzigo wangu wote. Kwenye kilo labda 5 nilizobeba, hakubakisha hata jani. Mkaguzi Mkuu alikuwa anatazama pembeni, lakini mabega yalikuwa yanatikisika, na si kwa kilio.

"Usihuzunike, Baba," akasema Profesa. "Suruali yako imeleta kitu."

Kweli. Kuanzia magotini hadi chini nilikuwa nimevaa mbegu nyeusi nyembamba kama sindano, mamia yake. Ni kishonanguo, kile kimea ambacho huko milimani kwa Wasambaa wanakiita mbwembwe, na majani yake machanga ni mboga. Nilikuwa nimepita katikati yake asubuhi nzima nikitafuta mboga. "Baba amekwenda na mbwembwe," akasema mwanangu, "amerudi na mbwembwe." Sijui huyu mtoto anamrithi nani. Naogopa kuuliza.

Nikapewa kazi inayonifaa, ya kukuna nazi. Nikakaa juu ya mbuzi, majivu mwilini, khanga kiunoni, na Bibi Bonde akawa anawafundisha wajukuu kilichomo kwenye ungo. Huu mchunga: vunja bua, unaona utomvu mweupe kama maziwa? Ni mchungu, tunauchemsha kwanza na kumwaga maji, kisha tunauchanganya na mchicha pori na kuutia tui zito. Huu mnavu. Huu mlenda, kibwando chetu. Utapikwa na magadi kidogo ulainike. Usichume kando ya barabara kuna vumbi la magari, wala kwenye shamba la fulani, juzi amepuliza dawa.

"Na hiki kinene kinachotambaa?" Shabani akauliza. Alikuwa ameshika kitawi chenye bua jekundu na vijani vinono vinavyong'aa.

Bibi akasita. Shemeji Hapo-Tu akaanza kuondoka.

"Hicho," akasema Bibi, "kinaitwa tako la Hasani."

Kukawa kimya. Halafu nyumba ikaanguka kwa kicheko. Shemeji alikuwa ameishi na jina lile kwa miaka 40 na alidhani kizazi kipya hakitalijua. Jioni, mbele ya majirani wawili waliokuja kutusalimu, mtoto wangu alinyoosha bakuli na kusema kwa adabu zote, "Bibi, naomba tena tako la mjomba." Lina uchachu fulani hivi, zuri sana na kitunguu. Mjomba hakuligusa.

Chakula chenyewe nikieleze vipi? Ugali wa moto, mlenda unaovutika kama uzi kutoka bakulini hadi mdomoni mpaka uukate kwa kuzungusha mkono, na mchunga wa nazi. Mchunga unaanza na utamu wa tui, unakufanya uamini, halafu uchungu unakuja nyuma ya ulimi polepole kama mgeni aliyekuwa amekaa sebuleni kitambo. Tonge la kwanza nilikunja uso. La tatu nilikuwa nafukuzana na Shemeji bakulini.

Profesa hakuweza kuvumilia. "Bibi, unajua mlenda huu ndio mmea unaotengenezewa nyuzi za magunia ya juti kule Bangladeshi? Na Wamisri wanaula, wanauita mulukhiya. Kulikuwa na khalifa wao, al-Hakim, ametawala tangu mwaka 996 hadi 1021. Aliupiga marufuku kabisa. Watu wasiule."

Bibi Bonde akatafuna, akameza.

"Mkewe alikuwa hajui kuupika," akasema.

Nikacheka pamoja na wote. Nikacheka hadi nilipoona Mkaguzi Mkuu hacheki. Alikuwa anakusanya mabaki ya mlenda kwa kidole pembezoni mwa bakuli, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya zamani.

Usiku, tukiwa tumelala, mimi nikinuka majivu, nikamwuliza. "Hizi mboga zote unazijua?"

"Nilikuwa nachuma kabla ya kwenda shule. Mnavu, mchunga. Nafunga mafungu kwa kamba ya mgomba, mama anapeleka sokoni. Daftari zangu zilitoka humo."

"Mbona hujawahi kuniambia?"

"Hukuuliza."

Nikadhani yameisha. Wewe na mimi tunajua huwa hayaishi.

"Mwezi wa kwanza tulipooana," akasema gizani, "nilikupikia mlenda. Unakumbuka ulisema nini?"

Nilikumbuka. Nilitamani nisikumbuke, lakini nilikumbuka hadi rangi ya sahani. Nilikuwa kijana wa mjini, nimepata mshahara wa pili, rafiki yangu wa kazini amekuja kula. Nikaona mlenda mezani, nikaona aibu, nikasema kwa sauti ya mzaha ili rafiki asikie: "Mama, kwani tumefulia?" Rafiki akacheka. Yeye akachukua bakuli, akalirudisha jikoni, akanikaangia mayai. Miaka 14 sijauona tena mlenda nyumbani kwangu, na sijawahi hata kujiuliza umekwenda wapi. Nimekaa miaka yote hiyo nikilalamikia bei ya mchicha.

Upupu wenyewe ulikuwa umeshapoa. Lakini sikulala.

Tukarudi Dar. Januari ikaja na ada, sare na madaftari, kama mnavyoijua. Jumamosi ya kwanza, kabla jua halijawa kali, nikachukua fyekeo langu nikatoka uwanjani. Vuli ilikuwa imetunyeshea huku nyuma, na kwa wiki tatu zile tulizokuwa safarini majani yalikuwa yamepata uhuru. Nikainua mkono.

"Baba Tatu! Hebu simama hapo hapo."

Mkaguzi Mkuu alikuwa mlangoni na ungo. Akashuka ngazi, akapita mbele yangu, akainama ukutani. "Mchicha pori," akasema, akakata machipukizi kwa ukucha. Karibu na bomba: "Mlenda." Kwenye kona ya ndizi: "Mnavu. Huu ni mnavu, njoo uone ua." Katikati ya matofali niliyopanga mwenyewe kwa jasho langu, kilikuwa kimetambaa kitu kinene, kinang'aa. Shabani akakimbia akipiga kelele za furaha kwamba mjomba naye amekuja. Kwenye mtaro wa maji machafu kulistawi kuliko kote, lakini pale hakuchuma. "Hapo ni maji ya watu," akasema, akapita.

Nikasimama na fyekeo langu hewani. Mboga ya porini haikai porini, ndugu yangu. Inafuata watu. Inakaa jaani, zizini, shambani, pembeni mwa jiko, mahali ambapo mtu ametifua udongo. Kila Jumamosi kwa miaka 14 nilikuwa nafyeka chakula cha mchana, nakiacha kikauke, nikioga, kisha natoa pesa kwenda kukinunua sokoni.

Siku hizi uwanja wetu una mipaka. Shabani ameifunga kwa kamba na vijiti, na mimi naruhusiwa kufyeka kuanzia langoni hadi kwenye mwembe. Jirani amepita juzi akauliza kama tumehama. Ufunguo wa stoo yenye fyekeo uko kwa Mkaguzi Mkuu, naombea ruhusa.

Na pesa ya mboga? Usinichekeshe. Nilipoiulizia niliambiwa kwamba mboga ni ya bure, mchumaji siyo. Ni shilingi 500 zilezile, na nazi, na nyanya, na kitunguu, ila sasa hakuna hata mwenye genge wa kulalamika naye. Nikaona bora nijifunze kuchuma mwenyewe. Basi Jumamosi yangu inaanzia kwenye kigoda, ungo mapajani, nachambua jani baada ya jani, na mkaguzi msaidizi wa miaka 6 amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Mkwe," ananiambia. "Hilo la mbuzi."